Gari la Zimamoto Lisilo na Maji

Mimi niliishia darasa la tatu. Walionizidi madarasa leo wananiomba kazi, na wengine nimewapa. Trela langu la chini, lile la kubebea magreda, nililipata baada ya kuendesha malori ya watu tangu ujana. Kwa hiyo mwenye mtambo mmoja wa kuchenjua dhahabu kule Geita alipotaka gari lake la zimamoto lifuatwe bandarini Dar es Salaam, hakuhangaika kutafuta mtu.

Lilikuwa limechakaa lakini kubwa, jekundu mpaka macho yanauma. Injini imekufa. Pampu iling'olewa huko huko ng'ambo, na ndani ya tenki mna kutu tu. Fundi alikuwa Geita anasubiri na pampu nyingine. Nikalifunga kwa minyororo juu ya trela, nikaondoka. Dodoma, Singida, Nzega, kote watoto walilipungia mikono.

Nimepita Tinde, naelekea Isaka, mchana wa jua kali na upepo, nikasikia mwano. Asiye Msukuma labda hatanielewa. Mwano ni ukelele wa hatari. Ukiusikia unatema tonge, unakwenda. Anayeupita, sungusungu, walinzi wa kijiji, watamtoza faini, na siku akifiwa atachimba kaburi peke yake. Nimelelewa hivyo. Mguu wenyewe ulikanyaga breki.

Karibu na barabara nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi ilikuwa inawaka upande mmoja. Mwenye nyumba, mama mjane, alikuwa ameshindilia chumbani pamba yake ya mwaka mzima, anasubiri msimu wa kuuza ufunguliwe. Watu walijipanga mstari kutoka lamboni, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na kusema kweli moto walikuwa wanauweza. Chumba cha pamba kilikuwa hakijaguswa.

Wakaliona gari.

"Zimamoto! Serikali imefika!"

Mstari ukakatika. Ndoo zikawekwa chini. Vijana wakapanda juu ya trela kutafuta mipira ya maji, akina mama wakapiga vigelegele.

"Halina maji!" nikapiga kelele. "Bovu! Rudini kwenye ndoo!"

"Mzee, acha utani, fungua!"

"Pampu haipo! Limebebwa hili, hamuoni limebebwa?"

"Huyu anataka apewe chochote kwanza," mmoja akasema.

Nikawatukana kwa Kisukuma, matusi ambayo siyaandiki hapa. Nikanyakua ndoo, nikakimbilia lamboni mwenyewe na magoti yangu haya mabovu. Hapo ndipo walipoamini. Lakini upepo haukutungoja. Paa liliangukia ndani, na pamba ikishika moto hata mwali huuoni vizuri, inajitafuna kimyakimya. Tulimwaga maji mpaka jua likapinda. Tuliokoa kuta.

Kamanda wa sungusungu akanijia na rungu lake.

"Mzee, kwenye mwano mtu huja na kitu. Wewe umekuja na nini?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Ungekuja mwenyewe tungeshukuru. Umekuja na hilo."

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Nikamwambia ningepita angenifukuza kwa pikipiki mpaka Kahama, anitoze ng'ombe. Akashusha rungu, maana ni kweli.

Nikamwendea yule mama. Alikuwa amekaa chini, majivu hadi kwenye nyusi.

"Pole, mama."

"Asante, baba. Ungepita tu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana, matusi nayajua.

"Ni mwano, mama. Ningepitaje?"

"Najua. Lakini ungepita."

Mpaka leo mtu akiniambia nilikosea kusimama, nagombana naye. Akiniambia nilifanya vema, nagombana naye pia.

Nikatoa turubali, nikalifunika lile gari lote, mbele mpaka nyuma, nikakaza kamba. Trafiki wa Kahama akanisimamisha, akauliza nimeficha nini. Nikamwambia nakinga vumbi. Akainua pembe moja, akaona wekundu.

"Zimamoto nayo inafichwa, mzee?"

Nikafunika tena, nikashika njia ya Geita, dirisha nimelipandisha mpaka juu na joto lote lile, nisije nikasikia mtu anapiga ukelele.