Maskwota Wanyooshe Mikono

Mwaka jana, mwaka ule baada ya uchaguzi, kazi yangu ilikuwa kumsomea habari mtu ambaye mpaka leo sijamwona uso. Yeye alikuwa Mombasa kwenye ofisi ya gazeti, mimi nilikuwa Ukunda kwenye kibanda cha simu ambacho kioo chake kimoja kilikuwa kimevunjika na mvua ikiingia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu, sijasomea uandishi popote. Lakini gazeti lilikuwa linataka mtu wa Kwale anayejua Kiswahili, na mimi nilijipeleka mwenyewe, sikungoja kuitwa. Habari niliiandika kwa mkono, nikampigia, nikamsomea polepole na yeye akichapa, na alama zote nikizitaja kwa jina. Serikali imesema, mkato, kwamba barabara itatengenezwa, nukta, aya mpya.

Waliopanga foleni nyuma yangu waliisikia habari kabla ya nchi nzima. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki ambaye mwanawe alikuwa akifanya kazi Mombasa, na kila nilipokuwa na habari yeye alikuwa na simu. Akichoka kungoja alikuwa akisema, "Weka nukta, mwanangu, na sisi tuna watu wetu."

Laini ilikuwa na mvumo, kama pumzi za mtu aliyelala chumba cha pili. Nilikuwa nikifumba macho nikiyaona maneno yangu yanakwenda juu ya nyaya, yanapita Waa, yanavuka kivuko bila kupanga foleni, yanaingia sikioni mwa yule mtu. Kesho yake mchana yalikuwa yakirudi kwenye karatasi, na nilikuwa nayajua na siyajui, kama mtu wa kwetu aliyerudi safari amenyolewa nywele.

Karibu na vibanda vya simu kulikuwa na mkahawa ambapo waandishi wa upande huu wa kusini tulikuwa tukikutana. Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu alikuwa mtu wa Msambweni, mwandishi wa gazeti la Kiingereza tangu mimi sijaanza shule. Watu walimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha. Wa pili alikuwa mpiga picha, kijana wa Kikristo ambaye wazazi wake walitoka bara wakapewa shamba na serikali huku kwetu, yeye akazaliwa hapa hapa. Wawili hao walikuwa wakiijenga serikali na kuibomoa juu ya meza ya chai. Katiba ikibadilishwa, nani ataibadilisha? Majimbo yakija, mtu kama mpiga picha atahesabiwa wa wapi? Mvua inapiga bati, mvuke wa chai unapanda, sauti zao zinakuja na kuondoka, na mimi nilikuwa kama niko macho na kama ninaota. Lakini sina subira mimi. Nilikuwa ninataka jibu, wao walikuwa wanataka mazungumzo. Nilikuwa nikiwauliza, basi itakuwaje? Wakanicheka wote wawili.

Halafu siku moja serikali ikaja nyumbani kwetu.

Kwetu ni upande wa Msambweni, kijiji kilicho nyuma ya barabara kuu. Nimelelewa na bibi, mama yake mama. Nyumba ni yake, minazi ilipandwa na baba yake, na makaburi yako pale nyuma ya choo cha zamani, kila Idi tunayafyekea nyasi. Lakini kwenye makaratasi ardhi ile ni ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wengine wanasema yuko ng'ambo, wengine wanasema alikwisha kufa. Sera mpya ilikuwa hii: ardhi za namna hiyo zitapimwa, zikatwe, na maskwota wanaokaa juu yake wapewe hati. Kijiji chetu kilitajwa. Kisipochukuliwa kwenye mpango huo, siku yoyote angeweza kutokea mtu na karatasi yake akatutoa.

Tulilijadili mkahawani mpaka chai ikapoa. Mimi nilisema kwamba bibi hatalikubali neno hilo.

"Neno ni neno tu, dada," mpiga picha akasema. "Babangu aliitwa skwota, akaitika. Leo ana hati kabatini."

"Baba yako alihamia," Mwalimu akamwambia. "Bibi yake huyu ahame kutoka wapi?"

"Sijasema ahame, mzee. Nimesema aitike."

Mwalimu akaagiza chai nyingine. Jioni nilipofika nyumbani nilimwamkia bibi shikamoo, nikakaa naye jikoni akimenya muhogo, nikamweleza. Aliniuliza skwota ni nani. Nikamwambia ni mtu anayekaa kwenye ardhi isiyo yake. Alifikiri kidogo, kisha akasema skwota basi ni yule mwenye karatasi, maana anakaa kwenye karatasi ya ardhi isiyo yake. Akanituma maji. Usiku ule neno lile nililiota, lilikuwa mgeni amesimama mlangoni, kalowa, anabisha hodi kwa jina langu, na mimi sijui kama nimfungulie.

Mkutano ulifanywa kwenye uwanja wa shule. Mvua ilikuwa imekatika lakini maji yalikuwa yamejaa kwenye goli, na mawingu yalionekana humo ndani yakitembea. Sisi waandishi tulipewa dawati la darasani tukakaa kando. Afisa wa ardhi alikuja na viatu vya mpira na Kiswahili cha bara, cha haraka haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza mpango vizuri, akasema serikali inataka kusaidia, halafu akasema, "Sasa, maskwota wanyooshe mikono niwaone."

Hakuna aliyenyoosha.

Alirudia. Nilihisi kama uwanja mzima uko chini ya maji, watu wamekaa, vitambaa vinapepea polepole, sauti ya afisa inafika imechelewa. Bibi aligeuza shingo akatazama nyuma, kulia, kushoto, kama mtu anayemsaidia afisa kuwatafuta hao watu. Mzee mmoja wa mtaa wa pili, mtu wa adabu sana, akasimama akavua kofia.

"Hapa hawako, bwana," akasema. "Labda ungeuliza huko mbele."

Watu wakaitikia kwamba ndiyo, huko mbele huenda wakawapo. Afisa akamtazama karani wake. Akasema basi ataandika kwamba kijiji hiki hakina maskwota, na mpango utakwenda kwa wanaouhitaji. Wakaingia kwenye gari.

Watu walifurahi. Walidhani wameshinda. Mpiga picha alikuwa anafunga kamera yake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amewahi kuona watu wakinyang'anywa shamba, lakini hajaona watu wakilikataa kwa heshima namna hii. Mwalimu yeye alikuwa na kichwa cha habari tayari, Kijiji kisicho na maskwota, na alikuwa anakisemasema kwa Kiingereza akitabasamu. Mimi niliogopa. Afisa angeandika kwenye faili lake, faili likafungwa. Lakini gazeti likisema hivyo hivyo, itakuwa sisi wenyewe tumesema mbele ya nchi nzima kwamba hatuhitaji kitu.

Bibi alikuwa anafuta tope miguuni kwa jani la mgomba. Nilimwambia kwa ukali, ukali ambao simsemeshi nao kwa kawaida, kwamba shamba limekwenda.

"Limekwendaje?" akasema. "Mimi ardhi naitaka, mwanangu. Jina ndilo silitaki."

Hilo ndilo nililokwenda nalo Ukunda.

Foleni ilikuwa ndefu na mama wa samaki alikuwa nyuma yangu. Nilianza kusoma. Wenyeji wasio na hati wa kijiji kimoja cha wilaya ya Kwale, mkato. Yule wa Mombasa akanisimamisha. Aliniuliza wenyeji wasio na hati ndio akina nani. Nikamwambia ndio hao. Akasema hao wanaitwa maskwota, ni neno moja, na ukurasa hauna nafasi ya kuita watu kwa maneno mengi. Nikamwambia neno hilo ndilo habari yenyewe, akiliweka ameiua. Tulivutana. Mvumo wa laini ulikuwa mkubwa siku ile, mara yule mtu yuko karibu kama ananong'ona, mara amezama.

Mama wa samaki akaingiza kichwa kibandani. "Mwambie aandike watu. Watu, nukta, na sisi tupige simu."

"Ni nani huyo?" yule wa Mombasa akauliza.

Nikamwambia ni mhariri wa Ukunda. Nilimsikia akicheka, na nadhani kile kicheko ndicho kilichonisaidia, kwa sababu aliacha kubisha akachapa. Nikafika pale nilipoandika kwamba watu hawakukataa ardhi, walikataa jina. Akaniuliza nani amesema hivyo, maana mwandishi hasemi, mwandishi husemewa. Nikamwambia bibi mmoja mkazi wa pale. Nikayasoma maneno yake vile vile alivyoyasema huku akijifuta tope, fungua usemi, funga usemi. Sikusema ni bibi wa nani.

Gazeti lilifika kesho yake. Habari ilikuwa ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mabati. Maneno yangu yalikuwamo yote, wenyeji wasio na hati, na bibi na usemi wake. Lakini mtu mwingine, si yule wa simu, alikuwa ameweka kichwa: Maskwota wakataa kuitwa maskwota. Mkahawani walicheka mpaka chai ikamwagika. Nililipeleka nyumbani nikamsomea bibi. Hakucheka. Alinitaka nirudie kichwa cha habari, akasikiliza vizuri.

"Wameniita mara mbili," akasema.



Lakini mvua nyingine ilinyesha, ikakauka, na afisa akarudi. Mwalimu anasema alirudishwa na gazeti, kwamba wakubwa wake walisoma wakamwuliza anakwenda kuuliza watu maswali gani. Mpiga picha anasema wapi, kuna mkubwa tu aliyetaka mpango uonekane umefaulu. Walilibishania hilo wiki nzima na mimi sijui nani ana haki. Ninachojua ni kwamba alikuja, uwanja ule ule, na safari hii alikuwa amebadilisha swali. Alisema, nani anaishi hapa na hana hati?

Alilisema kwa kile Kiswahili chake cha kukimbia, na upepo ulikuwa unavuma. Watu wakatazamana. Mimi nilikuwa kwenye dawati na wenzangu, kalamu mkononi. Nilimwona bibi akimwinamia jirani yake, kisha akasema kwa sauti ya kufika mbali, "Anauliza hatia? Kama ni hatia sisi hatuna, yeye atueleze tumefanya nini."

Kukawa na manung'uniko. Afisa alikunja uso, akamtazama karani tena, na mimi niliuona mkono wa karani ukilitafuta lile faili kulifunga. Nikaanza kusimama. Mwalimu akanishika mkono wa nguo.

"Ukiingia humo, habari si yako tena," akaniambia. "Nitaiandika mimi."

Nilijua anasema kweli. Nilikuwa nimekwisha kuipanga kichwani, nimekwisha kuiona ukurasa wa kwanza. Nikamwachia habari. Nikavuka uwanja, na nakumbuka nilivyokuwa ninatembea kama mtu anayetembea usingizini, maji yanaingia kwenye viatu, watu wote wananitazama, na safari ile fupi haiishi. Nikachuchumaa mbele ya bibi nikamwambia si hatia, ni hati. Anauliza nani hana karatasi ya shamba.

"Basi?"

"Basi, bibi."

"Karatasi sina," bibi akasema, mbele ya wote, akanyoosha mkono wake wenye bangili ya shaba. Alinyoosha juu kabisa. Yule mzee wa adabu akafuata, na baada yake mikono ikapanda uwanja mzima, taratibu, mmoja huku, miwili kule, mpaka sikuona tena dawati la waandishi. Karani alianzia upande wa goli, akimwuliza kila mtu jina lake na la baba yake, akiandika kwa herufi kubwa. Nilikuwa ninataka kurudi nikakae. Bibi akanivuta kanga.

"Na wewe unalala wapi?" akaniuliza.

Nikaiweka kalamu mdomoni nikanyoosha mkono. Bikoni, yale mawe ya mipaka, zimekwisha kuwekwa tangu siku ile, hati bado tunaingoja, na sijui itakuja lini. Siku ile sikuwa ninafikiria hati. Nilikuwa ninafikiria bega langu, maana karani alikuwa mtu wa polepole, na mawingu yalikuwa yanapita kwenye maji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshusha. Mkono wangu ulianza kuinama.

"Usishushe," bibi akasema. "Hajatufikia."