Nepia Iliyolazwa Barabarani

Niliwahi kuokota alama ya hatari barabarani nikampa ng'ombe akala. Nasema hivi mapema ili usiendelee kusoma ukidhani utakutana na mtu mwenye busara.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati ya mvua ndefu, na mimi nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani na kukaa. Wenzangu walikwenda Nakuru, wengine Nairobi. Safari yangu ndefu ilikuwa kutoka zizini hadi kwenye banda la kupimia majani chai, na hapo nilirudi haraka nisije nikakosa chai ya saa nne. Watu walisema kuku wa kwetu wametembea kuliko mimi. Walisema kweli. Jogoo wetu mmoja alishafika soko la Silibwet, ingawa hakurudi.

Shamba letu lilipakana na barabara ya lami inayoteremka kuelekea Bomet. Pale kwetu kuna mteremko mrefu, halafu kona kali, na ukingo wa udongo uliopandwa chai mpaka juu, kwa hiyo aliye upande huu wa kona hamwoni aliye upande ule hata siku ya jua. Lango letu liko kabla ya kona, na kando ya lango, pembeni mwa lami, nilikuwa nimepanda nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, ungeona miguu yako na mashina ya chai ya karibu, basi. Nilitoka na mundu kwenda kukata nepia nikakuta imekwisha kukatwa. Kipande kizima, yamebaki mashina. Na nepia yenyewe imelazwa juu ya lami, fungu hapa, fungu pale, yakifuatana kupanda mlima.

Mtu wa magari angeelewa mara moja. Gari likiharibika, dereva hukata matawi akayaweka nyuma yake, ili anayekuja ajue mbele kuna jambo. Mimi pia nilijua hayo. Lakini matawi ni matawi, na nepia ni chakula. Kiangazi kilichotangulia ilikuwa ikiibwa hadi mchana kweupe, watu wakanuniana kanisani kwa ajili ya mzigo mmoja. Basi akili yangu ya kidato cha nne ikafanya kazi: mwizi amekata, amesikia lango letu likilia, amekimbia akiangusha mzigo kidogo kidogo. Nilimhurumia hata, kufanya kazi yote hiyo bure. Nikakusanya kila fungu, nikarudia mabua yaliyobaki, nikafunga, nikajitwisha. Barabara niliiacha safi kabisa.

Ng'ombe alikuwa anatafuna niliposikia pikap ya jirani.

Jirani huyu alikuwa mtu wa makamo, rafiki wa marehemu baba yangu. Kila asubuhi alipanda mlimani kukusanya maziwa ya watu, kisha akateremka nayo kwenda kituo cha maziwa. Na akiteremka, alizima injini. "Mlima unanisukuma bure," alikuwa akisema, "petroli niichome ya nini?" Kwa hiyo hukusikia gari likija. Ulisikia magurudumu yakifyonza maji ya lami, na mitungi ya maziwa ikigongana nyuma. Mama yangu alikuwa akisema, "Huyo anapita," bila kuinua macho kutoka kwa sufuria.

Siku hiyo alisema, "Huyo anapita," na hakupita. Kikaja kishindo. Kisha vyuma vikaanguka, kimoja kimoja, na kifuniko cha mtungi kikasikika kikibingirika peke yake, kikiteremka, kikiteremka, mpaka masikio yakakipoteza. Mama aliinua macho.

Nilikimbia. Nyuma ya kona palisimama lori la majani chai, springi imevunjika, limeinamia upande mmoja katikati ya njia. Pikap ilikuwa imeingia chini ya mkia wake mpaka kwenye kioo. Maziwa yalikuwa yakiteremka barabarani yakibeba majani mabichi yaliyomwagika kutoka magunia. Nilitazama maziwa kwanza. Mpaka leo sijui kwa nini nilitazama maziwa kwanza. Kisha nikaona mahali yalipobadilika rangi.

Dereva wa lori, mtu mrefu aliyetoka upande wa ziwa, alikuwa ameshika mlango wa pikap kwa mikono miwili.

"Huyu mzee hakuona alama?" akaniuliza, anahema. "Mimi nimeweka nyasi kutoka huko juu mpaka kwa kona. Nyasi mingi."

Akanitazama. Sweta yangu ilikuwa imejaa mabua, na mundu ulikuwa bado mkononi.

"Wewe," akasema polepole. "Nyasi yangu iko wapi?"

"Ni ya ng'ombe," nikasema.

Ndilo jibu lililotoka. Miaka kumi na miwili ya shule, na hilo ndilo jibu lililotoka.

"Ya ng'ombe," akarudia. Kisha akageukia mlango. "Haya, kijana wa ng'ombe, shika huku. Vuta."

Jirani alikuwa hai. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa kwenye vyuma, na uso wake ulikuwa wa kijivu, rangi ambayo sikujua mtu mweusi anaweza kuwa nayo. Wachumaji chai walikuja mbio, vikapu vikiwa bado migongoni, na kila mmoja alitaka kuvuta kiungo chake. Mmoja alishika mkono, mwingine shingo. Jirani akapiga ukelele, nami nikashikilia bodi ya lori. Dereva akawafukuza wote, akaleta jeki, akainua chuma kidogo kidogo.

"Mitungi mingapi imesimama?" jirani akauliza.

"Nyamaza, boiyot," nikamwambia, kama tunavyomwita mzee wa kuheshimiwa.

"Usininyamazishe. Maziwa ni ya watu."

Alipokwisha kupakiwa kwenye Landrova iliyopita, nikabaki na dereva pale katikati ya maziwa. Nilitaka kosa lipate mwenyewe mwingine, hata nusu yake.

"Na laifseva zako?" nikamuuliza. "Zile pembetatu nyekundu. Kwa nini uweke nyasi?"

"Ziko stoo. Zikiibiwa dereva anakatwa mshahara, kwa hivyo wamezifungia."

Zilikuwa salama, kwa ufupi, kuliko mtu yeyote aliyetumia barabara ile.

Hospitalini walisema huenda mguu wa jirani ukakatwa. Ulikuwa mguu wa breki. Nyumba ile ilikula kwa mguu ule: wakiukata, pikap itauzwa, na mke wake atabaki na chai kidogo isiyotosha hata mistari ya kuhesabu. Kila siku nilivuka barabara kwenda kumwomba msamaha mama huyo, na kila siku alinipa chai, akanitazama nikinywa, asiseme neno.

Nilikwenda kumwona mgonjwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Hayakuhitajika, dereva wa lori alikuwa amekuja kabla yangu, na wodi nzima ilinijua. "Huyu ndiye yule wa ng'ombe?" akauliza mgonjwa wa kitanda cha pili, akinyanyuka kwa kiwiko ili anione vizuri.

"Boiyot," nikasema, "ningeiacha ile nepia ungesimama."

"Ningesimama, ndiyo."

"Ungejua kuna hatari."

"Hapana. Ningesimama niichukue. Nepia ya bure, na ng'ombe wangu pia anakula?"

Alicheka, kisha akauma mdomo, kwa sababu kucheka kulifika mguuni. Alipotulia akaniambia mengine kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaeleza habari za mtu mwingine asiye na akili sana. Taa moja ilikuwa imekufa tangu Krismasi. Waipa hazikufanya kazi, alikuwa akisugua kioo kwa kiazi kilichokatwa ili mvua iteleze. Na breki: injini ikizimwa, breki inakuwa ngumu. "Nilikanyaga na miguu yote miwili. Haikushuka. Niliona mkia wa lori unakuja tu, kama ng'ombe anayerudi nyuma."

Nilirudi nyumbani nimeshtuka zaidi ya nilivyoenda. Nilikuwa nimebeba kosa langu peke yangu kama gunia, na kumbe barabarani kulikuwa na magunia mengine mengi ambayo hakuna aliyeyagusa.

Wakati huo watu wa kwetu walikuwa wameshapata sababu yao. Kona inataka damu. Walikumbuka baiskeli iliyoangukia hapo zamani, na punda, na mlevi mmoja. Kanisa likapanga maombi palepale, Jumamosi. Mama yangu aliniambia niende, maana nisipoenda watasema nimesimama upande wa kona.

Tulikusanyika wengi, akina mama na miavuli yao, wazee na kofia mikononi. Mchungaji akatupanga juu ya lami kwenye kona yenyewe, ili tuikanyage. Akasema tufumbe macho. Nikafumba. Ukungu ulikuwa kama ule wa siku ile. Tukaanza kuomba kila mtu kwa sauti yake, na hapo katikati ya kuomba nikawaza: nani amesimama kule juu kuzuia magari? Nikafumbua jicho moja. Wote walikuwa wamefumba.

Honi ilifika kabla ya lori. Sijui nilirukaje. Najua nilijikuta ndani ya chai, chini ya mama mmoja mnene wa kwaya, na magogo ya miti yakipita juu yetu kwenye lori refu, breki zikilia mpaka chini ya mlima. Mwavuli mmoja ulibaki barabarani, umekuwa bapa. Tulinyanyuka mmoja mmoja. Tulihesabiana. Hakuna aliyekosekana.

Mchungaji alitoka kwenye chai akiwa na kiatu kimoja. "Mmeona wenyewe," akasema. "Shetani amekasirika."

Mke wa jirani alikuwa akitoa matawi kwenye kitambaa cha kichwa. "Shetani gani, mchungaji?" akasema. "Si tulikuwa tumesimama kwa barabara."

Maombi yalimaliziwa kanisani.

Mguu haukukatwa. Ulipona ukiwa mfupi kidogo, na jirani akarudi akichechemea kwa fimbo. Pikap ilinyooshwa na mafundi wa kando ya barabara. Ilikuwa na uso wa mtu aliyepigwa, lakini iliwaka. Siku ya kwanza ya kazi mke wake aliniita, akasema niende na mumewe, nimsaidie kuinua mitungi. Niliingia ndani ya gari kwa hofu ya mtu ambaye hata kwenye trekta hapandi.

Kupanda mlima kulikwenda vizuri. Tulijaza mitungi, tukageuza. Tulipofika juu ya mteremko, mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

"Boiyot," nikasema. "Hapana."

Akazima.

Nilikuwa nimeisikia sauti ile miaka yote nikiwa zizini, magurudumu yakifyonza maji. Sikuwahi kuisikia kutoka ndani. Ndani hakuna kitu kingine, ni hiyo na mitungi, na ukungu unakuja kwenye kioo.

"Washa. Tafadhali washa."

"Wewe umetembea wapi wewe?" akasema, anatabasamu. "Mtu wa nyumbani anifundishe barabara?"

"Mguu wako, boiyot."

"Mguu umepona."

Kwenye kona watoto wa shule walikuwa wakitembea, nao wakajibana kwenye ukingo, migongo kwenye udongo, vitabu vifuani. Walikuwa karibu hata nikaona kamasi ya mmoja wao. Jirani akawapungia mkono. Mtu huyu alikuwa amelala wiki nyingi akisubiri kujua kama atakatwa mguu, na bado mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo bila kuomba ruhusa.

Kwenye kituo cha maziwa niliteremka nikarudi kwa miguu. Mke wake aliniona nikiingia kona, matope mpaka magotini.

"Gari imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Alizima?"

Niliangalia viatu vyangu. Akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi nilisikia maneno ng'ambo ya barabara, nikavuka. Pikap ilikuwa uani, jirani amesimama kando yake na fimbo. Mke wake alikuwa mlangoni pa jiko, ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso.

"Jirani, mwambie huyu mama watu wananingoja na maziwa," mzee akaniambia.

"Wangoje," mke wake akasema. "Leo maziwa yataenda na punda. Breki itengenezwe, taa ya pili iwake, hizo laifseva zinunuliwe zikae kwa gari, si stoo. Na aape hapa kwamba injini ikiwaka huko juu inazimwa kwa kituo. Asipoapa, hii gari nitafugia kuku."

"Petroli nani atanunua?"

"Na jeneza nani angenunua?"

Wakatazamana. Nilidhani ni wakati wangu wa kuleta amani, kwa njia niliyoizoea. "Mama," nikasema, "kosa lilikuwa langu. Nisingeokota ile nepia, haya yote—"

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akalijibu ombi langu la msamaha.

"Wewe uliokota nyasi asubuhi moja kwa ujinga, na umeomba msamaha mpaka majani ya chai yameniishia. Huyu anazima injini kila siku akiwa na akili yake yote. Nenda nyumbani, usininyang'anye mtu wa kugombana naye."