Mfereji wa Kiboko

Jumamosi kwetu mjini Baraka ni siku ya salongo. Kila mtaa unatoka kufagia barabara na kuzibua mitaro, na asiyetoka anajieleza kwa shefu. Sisi tunaolima mpunga kando ya mto, nyuma ya mji, tuna salongo yetu ya pili ambayo hakuna shefu anayeilazimisha: kuchimba mfereji unaotenganisha mashamba yetu na majani ya ukingoni. Majani yale tuliyaacha kwa makusudi, ili kiboko ale huko asije kwenye mpunga. Kiboko hajui kuruka. Ana mwili wote ule, lakini mfereji wa kumfika mtu mapajani unamshinda.

Nasema "tuliyaacha", ila ukweli ni kwamba nilibembeleza watu mpaka sauti ikanikauka. Zamani mto ule ulikuwa na viboko wengi. Mama yangu alitukataza kuchota maji kabla jua halijapanda kwa sababu yao. Wakapigwa mmoja mmoja, kwa ajili ya nyama, kwa ajili ya meno, wengine kwa hasira tu, mpaka akabaki jike mmoja na mtoto wake. Nilitaka hao wawili wabaki. Sina sababu kubwa. Nilizoea kumsikia akikoroma asubuhi ninapopalilia, na nilichoka kuwaeleza wajukuu vitu ambavyo vilikuwepo.

Kazi yenyewe haina utamu. Kila masika mvua inaleta tope, mfereji unajaa, nawe unachimba tena palepale ulipochimba mwaka jana. Mwanzoni tulikuwa akina mama wengi na tulikuwa tunaimba. Halafu huyu ana kilio cha ndugu kule Nundu, yule mgongo unamuuma, mwingine ananiambia usoni huku akicheka, "We mama wa kiboko, muambie mutoto yako akusaidie kuchimba." Nami nilicheka. Mgongo uliniuma mimi pia, ila wangu hakuna aliyeuulizia.

Mwaka huu aliyechoka kabla yangu ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Shamba lake linapakana na langu. Kila alipokwenda mtoni kuchota maji ilimbidi ashuke mferejini na kupanda upande wa pili na bidoni la maji kichwani, na siku moja akateleza, maji yote yakammwagikia. Basi akachukua udongo, akajaza kipande cha mfereji, akakikanyaga vizuri kikawa daraja.

"Wifi, toa ule udongo," nilimwambia. "Kiboko iko naona njia sawa muntu."

"Nitatoa siku ya posho."

Siku ya posho ndiyo hiyo Jumamosi. Moja ikapita na harusi, nyingine na mvua, na daraja likazidi kukauka.

Kiboko anapenda njia iliyokwisha kukanyagwa. Asubuhi moja tulikuta amepita palepale, nyayo za mama na za mtoto, na mpunga wa wifi yangu, uliokuwa umeanza kutoa masuke, umelala wote kwenye tope. Wangu haukuguswa. Hilo liliniumiza kuliko hasara yenyewe, maana alitazama shamba lake, akatazama langu, kisha akanigeukia.

"Batoto bangu batakula nini? Batakula ile majani yenye uliachia kiboko?"

"Tutakula pamoja, wifi. Nitakupatia nusu ya shamba yangu."

"Sitaki nusu. Nataka ile nyama ikufe."

Sikumlaumu. Analea watoto peke yake, na ni rahisi kumpenda mnyama ambaye hajala chakula chako. Nilikwenda kwa shefu kuomba tuzibe njia kwanza, hasira ipoe. Alinisikiliza, akapumua kwa nguvu. "Mama, we pia," alisema, kama anayemwambia mtoto aache mchezo, akaniaga.

Kwetu mwenye bunduki hatafutwi mbali. Kabla wiki haijaisha nilisikia milio mchana kweupe, nikiwa sokoni nachagua ndagala. Watu walikimbilia mtoni na mabeseni. Mimi nilikaa chini hapo hapo, kati ya wauza samaki.

Kiboko akiuawa nyama ni ya wote, na mwenye shamba lililoharibiwa anakata wa kwanza. Siku ile ile, jua halijazama, wifi yangu aliingia uani kwangu na beseni lililofunikwa kwa jani la ndizi. Hakutaka kiti. Aliliweka karibu na jiko.

"Hii ni sehemu yako," alisema. "Ni we ulikuwa unamuchunga."

Sikujua kama ni dharau au ni heshima, na nadhani hata yeye hakujua. Wajukuu waliila na bugali, kwani tangu juzi walikuwa na sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo. Sikuwakataza. Nilitoka nje nikalia, na waliponiuliza nikasingizia moshi. Beseni la mtu kwetu halirudi tupu, kwa hiyo nililijaza mpunga wangu wa mwaka jana nikampelekea. Alipokea bila kuniangalia.

Mtoto wa kiboko hakuuawa. Alikuwa amekwisha kuacha kunyonya, na watu walisema ameingia kwenye matete. Jumamosi nilichukua jembe kwa mazoea tu, nikijiambia kwamba sitakuta mtu, nitageuka nirudi kulala. Nilikuwa nimechoka na watu, nimechoka na mto. Nilipofika nilimkuta wifi yangu mferejini, tope limemfika magotini, anabomoa daraja lake.

Hakuinua kichwa. "Usifikiri niko nachimba juu ya kiboko. Niko nachimba juu ya mupunga yangu. Ile katoto ingali hai."

Miaka yote niliwabembeleza watu wamhurumie mnyama, na mfereji haujawahi kumuuliza mtu anachimba kwa ajili ya nani. Nilitaka kufurahi, nikakosa nguvu. Nikashuka upande wa pili, nikaanza kuchimba kumwelekea.

Kwenye matete kitu kikakoroma, sauti nyembamba, ya mtoto. Wifi yangu alisimamisha jembe akasikiliza.

"Imebakia peke yake sasa," alisema, kisha akaendelea kuchimba.