Nyanya Zangu na Malisho ya Mpakani

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu yake vijana wakitukanana kuhusu mpaka ulio juu ya Kisian, kwetu kando ya ziwa. "Shangazi, ukweli ni upi?" akaniuliza. Nikamwambia angoje nigeuze samaki. Kusema kweli sikuwa na jibu moja. Mimi nimelelewa na majibu mawili.

Kama ulikulia upande ule, unayakumbuka malisho yenyewe: udongo mweusi unaoganda miguuni, nyasi ndefu, kijito chembamba. Chini walikaa watu wa ziwani, kwao baba. Juu kwenye mawe makubwa walikaa watu wa mlimani, kwao mama.

Mama yake baba tulimwita Dani. Alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, nami nikifukuza kuku, huku akinifundisha. Malisho ni yetu, alisema. Watu wa mlimani walishuka wakati wa njaa wakaomba pa kulima. Tukawapa, wakasahau kwamba walipewa. Jembe likigonga pale hufukua mawe ya kusagia. "Nani alisaga mtama pale kama si mama zetu?"

Likizo ya Agosti nilipelekwa kwa Kukhu, mama yake mama. Tulichambua mboga ya mrenda mlangoni, naye akanifundisha pia. Malisho ni yetu, alisema. Watu wa ziwani walipanda na ng'ombe wakati wa mafuriko wakaomba nyasi. Tukawapa, wakasahau kwamba walipewa. Na yale mawe? "Nani alisaga wimbi pale kama si mama zetu?"

Kila mmoja alikuwa na marehemu wake. Dani alimlilia shemeji aliyechomwa mshale, Kukhu binamu aliyepigwa mkuki. Sikuwahi kumsikia yeyote akimtaja maiti wa mwenzake.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yakawa si hadithi tena. Ng'ombe waliibwa, kisha nyumba zikachomwa huku na kule. Shule ikafungwa. Jirani aliyezoea kuingia jikoni kuomba chumvi akawa anamsalimia mama akiwa nje ya ua. Ndipo habari ikaja kwamba kaka yake mama amefariki. Ugonjwa tu, si vita. Anazikwa Jumamosi.

Ndugu za baba walikuja kusema hakuna mtu kuvuka. Baba alitazama chini. Mama alikuwa amekwisha kujifunga leso.

"Nani amesema asiende?" Dani akauliza.

"Mama, huko wanaua watu," mmoja wa ndugu za baba akasema.

"Mimi mzee wataniua wapate nini? Huyu ni msichana wangu. Hawezi kumlilia kaka yake akiwa jikoni kwangu. Nitampeleka mwenyewe."

Akajitwika kikapu cha omena, akanishika mkono. Tukafuata reli inayokatiza malisho, kwa sababu barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe.

Kule juu vijana wenye rungu walitusimamisha. Mama walimjua. "Dada, pita. Lakini huyo mama wa ziwani arudi."

Nikasema kwa lugha ya Kukhu, "Huyu ni nyanya yangu." Walitazamana, kisha mmoja akatembea mbele yetu hadi matangani ili wengine wasitusumbue.

Dani aliingia akilia kwa sauti, kama ada ilivyotaka. Kukhu akamkumbatia, wakalia pamoja. Baada ya mazishi tuliketi kula. Kukhu, macho bado mekundu, akamuuliza, "Mlipita kwenye malisho yetu?"

"Tulipita kwenye malisho yetu," Dani akajibu.

Watu wakaacha kutafuna. Basi wakaanza: njaa, mafuriko, mawe ya kusagia, shemeji, binamu. Kukhu alimwambia Dani ni mwongo huku akimwongezea mrenda. Dani akamwambia mwongo ni yeye, akala. Hakuna aliyekubali hata neno moja. Jua lilipopoa, Kukhu alitujazia kikapu ndizi, akatusindikiza mwenyewe mbele ya wale vijana mpaka relini.

Sitakudanganya kwamba vita viliisha siku hiyo. Baadaye jiko la shangazi yangu lilichomwa, na upande wa pili pia watu walipoteza nyumba. Utulivu ulirudi polepole, bila mtu kueleza umetoka wapi. Dani na Kukhu wamekufa, kila mmoja na malisho yake.

Mama bado yupo. Mwaka jana nilimuuliza, tukimenya viazi, yale malisho yalikuwa ya nani hasa. Alimaliza kiazi alichoshika.

"Mimi niliolewa kwa kupita pale," akasema. "Mlimani waliniimbia, ziwani wakanipokea wakiimba. Siku hiyo hakuna aliyenionyesha mpaka."

Njia ile ya miguu iliyopita malishoni haipo tena. Imefungwa kwa seng'enge. Siku hizi msichana wa mlimani akiolewa ziwani, hupelekwa kwa gari, kwa kuzunguka barabara ya lami.