Weusi wa Platinamu

Nilipoajiriwa kwenye maabara ya maji ya Kigoma niliambiwa kazi ni ya majaribio ya miezi mitatu, kisha mkuu wangu atajaza fomu na makao makuu wataamua nibaki au nirudi kwetu Ujiji. Kwetu kazi haikukosekana. Kulikuwa na mawese ya kukamua na mama, na kulikuwa na kusubiri mchumba. Mimi sikutaka hata moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kemia naipenda, na kiburi ninacho. Hicho kiburi sijakiacha mpaka leo, kwa hiyo msitegemee nitakisema vibaya.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha makubwa, mlimani kidogo juu ya stesheni ya reli. Miaka ile visima vilikuwa vinachimbwa katika vijiji vya ujamaa, na maji ya kila kisima yaliletwa kwetu ndani ya chupa ili tuyapime kama yanafaa kunywewa. Tulikuwa wawili tu, mimi na mkuu wangu, Muha wa Kasulu, mzee mwembamba aliyeanza kazi kwa kuosha chupa za Wazungu huku akiwaangalia mikono. Asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisalimu tena kwa Kiha, "Mwakeye!" Nami nikajibu kwa lafudhi ya Ujiji iliyomchekesha kila siku kama vile hajawahi kuisikia.

Fahari yake ilikuwa elektrodi ya haidrojeni. Sokoni Mwanga kila mwenye duka alikuwa na mizani yake, lakini kulikuwa na jiwe moja la serikali la kuikagua mizani yote. Elektrodi ile ndiyo iliyokuwa jiwe letu. Tulikuwa na kipimo kingine, chepesi, cha kupima uchachu wa maji kila siku, ila kilikuwa na tabia ya kupotoka polepole bila kusema. Kila Jumatatu tulikikagua kwa elektrodi ya haidrojeni, nayo haikudanganya.

Ukiitazama, haikuwa na sura ya kujivunia. Vibati viwili vya platinamu, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vilining'inia kwenye vijiti vya kioo ndani ya asidi, na gesi ya haidrojeni ikapita kwa mapovu. Gesi tuliitengeneza wenyewe kwa kumwagia asidi vipande vya zinki, tukaipitisha kwenye maji ya dawa ya zambarau ili isafike. Mzee alitaka povu moja kwa kila pigo la moyo. Madirisha yote wazi, kiberiti kibaki nje, kisha tukae nusu saa mpaka mshale wa mita utulie. Nilizipenda hizo nusu saa. Upepo wa ziwa uliingia, garimoshi lilipiga honi huko chini, na mzee alinisimulia habari za ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja.

Kuhusu vibati alinipa amri mbili. Visikauke, viwekwe daima kwenye maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakapozwa. Na visiguswe kwa kidole. Nilimuuliza kwa nini. "Utajua," alisema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa somo.

Wiki mbili kabla ya fomu yangu kujazwa, mzee alisafiri siku tatu kwenda kuchukua maji ya visima. Niliamua arudi akute maabara inang'aa. Nilisugua meza, nikapanga chupa, nikafuta vioo vya madirisha. Mwisho nikafika kwenye vibati. Vilikuwa vyeusi tititi, weusi wa masizi kabisa.

Sasa lazima mjue nimelelewa wapi. Kwetu Kasingirima, huko Ujiji, tulichukua masufuria asubuhi tukateremka nayo ziwani, na msichana alipimwa kwa tako la sufuria lake. Tuliyasugua kwa mchanga na majivu mpaka ujione meno. Bibi yangu aliwahi kumkataa mchumba wa mjomba kwa sababu ya sufuria moja tu lenye masizi, na hakuna aliyemshangaa. Mimi na vyombo vyeusi hatukuwahi kuelewana. Nikasema moyoni, mzee wa watu, hana mke hapa mjini, nani amsugulie?

Nilichota majivu kwa mpishi wa jirani na mchanga laini nje. Nilivishika kwa kitambaa, si kwa kidole, maana amri ni amri. Nikasugua. Chini ya weusi ikatokea rangi ya fedha safi ajabu. Nikavisuuza, nikavirudisha kwenye maji yake, nikaenda nyumbani nikiimba.

Mzee alirudi, tukafungulia gesi. Nusu saa ikapita. Mshale ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, hautulii. Akaangalia mapovu, akaangalia waya. Kisha akanyanyua kijiti kimoja dirishani kwenye mwanga, akakiweka chini polepole sana.

"Nani kavitakatisha?"

"Mimi, mzee," nilisema, na Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Akakaa kwenye kiti. "Mwanangu, ule si uchafu. Ule weusi ni platinamu yenyewe, imepakwa juu iwe kama unga. Ndio unaoishika gesi. Bila huo hiki ni kipande cha bati tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaiona fomu yangu, nikaona na mitungi ya mawese ikinisubiri mmoja baada ya mwingine. Lakini ulimi wangu haujui kunyamaza. "Nilikuuliza kwa nini, mzee. Ukasema nitajua. Haya, nimejua!"

Nilidhani atanifukuza pale pale. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Hilo ni kweli," alisema. "Hata mimi hakuna aliyeniambia. Niliiba kwa macho. Nikadhani ndivyo watu wanavyofundishwa."

Akafungua kabati akatoa kichupa chenye maji ya rangi ya chungwa, platinamu iliyoyeyushwa. Ilitosha kupaka mara moja tu. Nyingine ingeagizwa Ulaya, na huenda mwaka ungeisha kabla haijafika. Akakiweka mbele yangu. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Paka. Mimi nitasema, mikono itakuwa yako."

Nikaviosha vibati kwenye mchanganyiko wa asidi kali, nikavisuuza mara nyingi, nikavitumbukiza kwenye yale maji ya chungwa, nikaunga betri. Kila nusu dakika niligeuza waya, ili kibati hiki kipate na kile kipate. Mzee alihesabu kwa Kiha, taratibu. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha ikaja rangi ya moshi, ikawa kijivu, ikawa nyeusi laini ya mahameli. "Basi!" akasema, nikang'oa waya. Jasho lilikuwa limenilowesha mpaka mgongoni.

Tukavirudisha kwenye asidi na gesi, vyote viwili chombo kimoja, tukaviunganisha kwenye mita. Vikiwa vizima, baina yao hapatakiwi tofauti ya umeme. Siku ile hapakuwa na habari za ng'ombe. Nusu saa ilipotimia mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, umetulia kabisa. Nilicheka kwa sauti mpaka mpishi wa jirani akachungulia.

Fomu ilijazwa siku yake ilipofika. Sheria ilitaka mtumishi aisome na kutia sahihi, kwa hiyo mzee alinikabidhi, akajitia kushughulika na chupa. Nikafika penye swali: Je, ameharibu kifaa chochote cha serikali? Alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake wa kusimama wima: Ndiyo.

Damu ilinipanda kichwani. Angeshindwa nini kuandika hapana? Nani Dar es Salaam angejua? Niligeuka nimwambie, na maneno ninayo, lakini ukurasa wa pili ulikuwa haujasomwa. Nikaufunua. Penye maoni ya mkuu palikuwa na mistari miwili:

"Kwa miaka mingi, kama ningekufa, hapa hapangekuwa na mtu wa kuitengeneza elektrodi hii. Sasa yupo. Naomba msimwondoe."

Nikaomba kalamu. Mzee akanipa bila kugeuka, nami nikatia sahihi majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa.