Nakala Moja ya Kitabu cha Mume Wangu

Mume wangu alitumia ujana wake kuandika kitabu kuhusu jinsi ardhi ya Buganda ilivyogawanywa. Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha chapa mjini alikuwa amekwisha kupanga kurasa zote kwa herufi za risasi. Kisha Wahindi wakafukuzwa, na kiwanda akapewa kapteni wa jeshi.

Tukaenda kukiulizia.

“Kitabu gani?” kapteni akasema. “Ile risasi tuliuza Ggaba, kule ziwani. Watu ya samaki nafunga kwa nyavu, izame.”

Mume wangu akajaribu kumweleza. Kapteni akamzaba kofi mbele yangu. Na yeye, mtu mzima, mwalimu wa chuo kikuu, akasema, “Asante, afande.”

Asante ile iliniuma kuliko kofi. Njia nzima sikumsemesha.

Mswada wa mkono tulikuwa nao nyumbani. Mimi nilifundisha shule moja ya Mengo, nikamwomba mwalimu mkuu mashine ya kurudufu.

“Nikiulizwa, nitasema ni mtihani,” akanijibu, akanipa ufunguo.

Nikapiga taipu stensili zote mwenyewe. Nilitaka nakala nyingi, lakini karatasi ilikuwa adimu kama sukari, ikatosha moja tu. Nikazikunja kurasa mafungumafungu, nikazitoboa kwa msumari, nikazishona kwa uzi wa fundi viatu. Gundi nilipika kwa unga wa muhogo. Jalada nilikata kwenye busuti, gauni langu la harusi.

Nilivuta uzi kwa hasira hata fungu la kwanza likachanika.

“Taratibu, mama,” mume wangu akasema. “Utaharibu.”

“Kwani wao walikwenda taratibu?”

Akakaa kando yangu, akanishikia kurasa zisiteleze. Hapo ndipo nilipomwona akipapasa shavu lake, nikajua kwamba kofi lile bado alikuwa nalo.

Kapteni alikimbia serikali ilipoanguka. Mume wangu akafa, kitabu hakijachapwa.

Mwaka mmoja baada ya mazishi wakaja wenzake wa chuo, wamevaa tai. Ni walewale waliokuwa wakivuka barabara wasikutane naye, baada ya habari za kofi kuenea.

“Mama, tupe kitabu tukiweke maktaba,” wakaomba. “Ni hazina ya taifa.”

“Anayetaka kukisoma, kiti kipo,” nikawaambia. “Lakini hakitoki humu ndani.”

Hakuna aliyekaa.