Siku Nilipowawashia Samaki Karabai

Chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka siku ile navuta kofia mpaka machoni, na mnajua mimi si mtu wa kuficha uso. Niliingia Nakuru hii miguu mitupu, shule niliachia pale wanapofundisha kuandika jina, nikaosha masufuria ya watu mpaka nikafungua hoteli yangu mwenyewe, chai nzito, mandazi makubwa kama ngumi, na katika mtaa wetu mimi ndiye Mwafrika wa kwanza (kama kuna mwingine, aje tubishane) kuweka samaki hai ndani ya nyumba, samaki wa kuangalia, si wa kula.

Tangi lenyewe la kioo nililipata mnadani. Mzungu fulani alikuwa anarudi kwao, watu wakang'ang'ania viti na vitanda, mimi nikabeba tangi. Kona moja ilikuwa inavuja, nikaiziba kwa lami ya barabara, basi. Nikaliweka kule nyuma, mwisho wa hoteli, palipokuwa na nafasi, na taabu ya pale ni giza, dirisha ni moja na linatazama ukuta wa duka la jirani. Nikaenda Naivasha nikang'oa majani ya ziwani yaliyonona juani, nikayapanda kwa mikono yangu, na kabla wiki haijaisha yamegeuka manjano, yameoza, maji yamekuwa kama supu ya juzi. Wateja nao wakapata la kusema.

"Bwana Wafula, hao ni wagonjwa, au ndio mchuzi wa kesho?"

Mimi kushindwa na majani? Nilipanda tena, yakafa tena, nikapanda tena. Mwishowe mke wangu Nekesa akachoka kunitazama. "Baba Simiyu, unachukua kitu cha jua unakifunga gizani. Si utafute kilichozaliwa kivulini?"

Tukaenda kwenye kijito kimoja njia ya Subukia, chini ya miti mikubwa, tukachukua yale majani mororo yanayofunika mawe kama blanketi, na mengine marefu yenye umbo la manyoya ya kuku. Yale mororo tukayafunga kwa uzi kwenye kipande cha gogo, marefu tukayasimamisha nyuma, mbele tukaacha wazi, changarawe nyeusi tupu. Jiwe kubwa mimi nililiweka katikati, likaonekana kama kaburi, Nekesa akalisukuma pembeni. Halafu tukangoja. Yakashika polepole, kama ndevu za kijana, lakini yakashika, na ile kona ya giza ikawa na kijani kizito, na samaki wakipita humo unawaona kidogo kidogo kama wanakuchungulia. Watu wakaja kunywa chai na kunyamaza. (Niliwaambia ni akili yangu. Ningesemaje?)

Basi, hapo ningeacha.

Lakini wakwe zangu wakatuma habari kwamba wanakuja. Hawa walikuwa wakikaa Kabazi, mzee ni nyapara wa ng'ombe kwa Mzungu, na siku nilipomwoa binti yake aliuliza mbele ya watu kama nitamlisha povu la sabuni. Kwetu sisi Wabukusu mama mkwe hali chakula cha mkwe wake mpaka akaribishwe kwa heshima zote, na karamu hiyo kwangu ilikuwa haijafanyika, kwa hiyo Nekesa alikuwa amezaa na kulea na mama yake hajawahi kukanyaga kwetu, hata wajukuu aliwasikia tu. Siku ile akila, njia imefunguka. Asipokula, mke wangu angeendelea kulia jikoni akidhani sisikii.

Tena mama mkwe na mkwe hawatazamani. Nikatundika shuka katikati ya hoteli toka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, yeye akae upande mmoja na Nekesa, mimi na mzee upande mwingine, na mwisho wa shuka ndipo tangi lilipokuwa, kila upande ulione. Akili hiyo!

Asubuhi nikalitazama tena. Zuri, ndiyo, lakini giza. Nikasema mzee huyu macho yake yamezeeka, ataona nini? Nikachukua karabai, ile taa ya kupampu, nikaiwasha na kuiweka nyuma ya tangi, karibu kabisa, mwanga upite kwenye maji.

"Baba Simiyu, toa hiyo taa. Pako sawa."

"Mama, leo wataona!"

Na waliona. Walipoingia, tangi lilikuwa linawaka kama mlango wa mbinguni. Mzee akasimama, akavua kofia. Nyuma ya shuka nikasikia mama mkwe akisema polepole, "Mwanangu, hii kazi ni ya nani?" Nekesa akamjibu, "Ni ya baba Simiyu." Kifua changu kikajaa. Kuku akaletwa. Mama mkwe, naambiwa, alikuwa ameshanawa mikono.

Hapo nikaona tone jeusi likiteremka kwenye kioo. Lami. Joto la karabai lilikuwa limeiyeyusha, na nyuma ya lile tone maji yakaanza kutoka, kwanza kama jasho, halafu kama mbuzi anakojoa. Mwingine angeita msaada. Mimi nikazima taa na kuziba kwa kidole. Yakapita. Nikavua koti nikalisokomeza, yakapita. Nikavua shati.

"Mkwe, acha tu," mzee akasema.

"Mzee, kaa, kula!"

Maji yanafika viatuni kwake, samaki wanakuja konani kama wanataka kutoka, mimi nimebaki na fulana yenye matundu na suruali iliyolowa inateremka, nikanyoosha mkono nyuma bila kutazama, nikashika nguo nzito nzuri, nikaivuta kwa nguvu zangu zote.

Ilikuwa shuka.

Mama mkwe alikuwa ameshika paja la kuku, limefika mdomoni. Tukatazamana. Mimi nina suruali kwa mkono mmoja. Akaweka nyama chini, akafunika uso kwa leso, akatoka, na mzee akamfuata viatu vikilia maji. Nekesa hakunigombeza. Alichukua ndoo akaokota samaki, mgongo umenigeukia, na heri angenipiga.

Ilinichukua mwaka wa kutuma watu, blanketi na kondoo wa kuomba msamaha, nami sikuchoka, mpaka wakarudi. Tangi lilikuwa mahali pake, limezibwa na fundi wa kweli, majani yale yale, giza lile lile, karabai nimeigawa. Mama mkwe alikula, akawa na mjukuu pajani wakihesabu samaki. Mimi nilisikia tu, maana sharti lake lilikuwa moja, na nimeapa kulishika hadi kufa: akija, mimi nakaa nje, barabarani.